Kibeba Aliyelia Kuliko Wafiwa na Mapana Mwenye Macho ya Kupimia

Paukwa!

*Pakawa!*

Wa nyuma wameitikia puani. Paukwa!

*Pakawa!*

Kaondoka nani?

*Kaondoka mdudu!*

Kaacha nini?

*Kaacha aibu!*

Haya, sasa mmeamka. Anayetafuna atafune polepole, na anayetaka kusinzia aegemee ukuta, asiniegemee mimi.

Zamani, zamani hasa, jongoo alipokuwa bado anakumbuka idadi ya miguu yake, kulikuwa na msitu mlimani. Msitu mzito, si vichaka hivi vyenu. Mvua ikinyesha leo juu ya miti, chini inafika kesho. Jua lilikuwa habari ya kusimuliwa. Katika msitu huo alianguka mvule mmoja mkongwe, akaoza moyo, akabaki gogo, na ndani ya gogo lile sisimizi wakajenga mji.

Sisimizi mnawajua. Kazi wanaiweza. Akili, tusiseme mengi. Macho yao ni pambo tu, hayaoni hata mdomo wao. Wao kila jambo ni pua. Mtoto wanamjua kwa kunusa, jirani kwa kunusa, adui kwa kunusa. Langoni walimweka mzee mmoja aitwaye Shaweji, mwenye kichwa kipana kama kizibo cha mtungi, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, asubuhi mpaka jioni.

"Nusa, nusa. Harufu ya kwetu. Pita!"

Au:

"Nusa, nusa. Harufu ya ugeni. Uma!"

Akisema "uma," mji mzima unatoka na meno.

Sheria hiyo iliwafaa miaka na miaka. Na kitu kikikufaa miaka na miaka, unaacha kukifikiri.

Katika mji huo alikaa mama mmoja, Bi Sikitu. Mumewe, Mbaruku, alikuwa ametoka kutafuta riziki upande wa mti wa mkangazi, hakurudi. Wengine nao walitoka upande huo huo, hawakurudi. Bi Sikitu akabaki na binti mmoja tu, Zawena. Watoto wengine wote alishawazika. Zawena huyo ndiye aliyekuwa taa yake na fimbo yake, na mama yule alikuwa akimnusa kila akipita, kama mtu anayegusa fundo la khanga aone kama kilichofungwa bado kipo.

Siku moja asubuhi, kilio kikasikika njiani. Kilio kikubwa, cha kupanda na kushuka, chenye mapambo. Na nyuma ya kilio ikaja chungu ya wafu inatembea.

Ndiyo, mmesikia vizuri. Chungu ya sisimizi wafu, mmoja juu ya mwingine, miguu inaning'inia, vichwa vinatikisika, na chini ya chungu miguu sita inaburura. Na kilio kilikuwa na wimbo:

*Lala mgongoni, lala,*
*ardhi ni baridi, lala.*
*Mimi ndimi kitanda chenu,*
*mimi ndimi blanketi.*

Shaweji akasogea na kichwa chake cha kizibo.

"Nusa, nusa." Akanusa tena. "Harufu ya kwetu. Harufu ya kwetu sana! Pita!"

Akaingia. Jina lake alisema ni Kibeba. Alikuwa kunguni wa msituni, lakini ukunguni wake haukuonekana wala haukunukia, umefunikwa.

"Poleni, wafiwa," akasema, na sauti inamkatika mahali panapofaa. "Nimewaokota ndugu zenu huko porini. Wametupwa, wamelala juu ya ardhi ya Mungu hawana wa kuwalilia. Nikasema, mimi Kibeba, sina ndugu, sina mali, lakini nina mgongo."

Mji ukapiga yowe. Bi Sikitu akapenya kati ya watu na vipapasio mbele, akanusa, akanusa, na pale juu kabisa ya chungu akamkuta Mbaruku wake. Harufu yake ile ile, ya mtu anayerudi kazini.

Akamkumbatia Kibeba, akalia begani pake. Wa kwanza kumkumbatia alikuwa yeye. Likumbukeni hilo, maana yeye mwenyewe hakulisahau.

Kibeba akapewa chumba cha wageni, kile cha karibu na lango, chenye kuvu laini ya kulalia. Ikaamriwa kila asubuhi msichana mmoja ampelekee umande mtamu unaokamuliwa kwa vidukari, kwenye ganda la mbegu. Mtu akithubutu kuuliza, "Tutawazika lini hawa?" anaambiwa, "Hasidi wewe! Huoni mwenzio bado analia?"

Sasa, mahali penye kioja kimoja, cha pili hakikosi kuja kukitazama.

Akaja inzi mmoja kutoka kijitoni. Kichwa kidogo, mwili wa kawaida, lakini macho! Hayakukaa kichwani kama ya viumbe wenye adabu. Yameota kwenye ncha za vijiti viwili vilivyotoka ubavuni mwa kichwa, jicho moja limeelekea kwao, jingine limeelekea kwa shemeji zake. Akatua juu ya gogo, akajinyoosha.

"Naitwa Mapana," akasema. "Sikuja kuingia. Nimekuja kupimwa. Nasikia hapa pana mtu mnamwita ajabu ya msitu."

"Yupo," wakasema sisimizi. "Ana mgongo."

"Mgongo!" Mapana akacheka. "Mgongo hata jongoo anao. Kwetu kijitoni hatupigani, sisi si washenzi. Tunakaribiana uso kwa uso, jicho langu na jicho lako, tunapima. Mwenye mapana anabaki, mwembamba anaondoka na kusema asante. Nimewapima wote. Nimebaki peke yangu."

Sisimizi hawakuona vizuri hayo macho, lakini waliambiwa ni mapana, na jambo la kuambiwa lina utamu wake. Wakamweka juu ya mlango wa chumba cha wageni, kwenye tundu la gome, awe mlinzi. Wakasema, "Huyu ataona kila kitu."

Na kweli aliona kila kitu. Ngojeni.

Basi mji ukagawanyika. Huku Chama cha Mgongo, huku Chama cha Macho. Kazi zikalala. Vidukari havikukamuliwa, mayai hayakugeuzwa. Watu wazima, wenye wajukuu, wamekaa barazani wanabishana.

"Kibeba ni zaidi. Wewe umewahi kuona nani anavaa msiba mwilini?"

"Mapana ni zaidi. Macho yale ni ya Mungu mwenyewe."

"Macho hayambebi mtu!"

"Mgongo hauoni!"

"Mamako haoni!"

Wakashikana mashati, kama wangekuwa na mashati.

Asubuhi ya kwanza ya zamu akapelekwa msichana anaitwa Tunu. Akaingia na ganda la umande. Mlango ukafungwa.

Tunu hakutoka.

Alitoka Kibeba, analia kupita siku zote. Mgongoni, chini ya Mbaruku, pana mzigo mpya, bado miguu haijakauka.

"Jamani, Tunu!" akalia. "Ameniwekea chakula, akaniangalia, akaanguka. Moyo wake mdogo haukustahimili huzuni. Lala mgongoni, lala..."

Watu wakamgeukia Mapana. "Mlinzi, nani kapita?"

Mapana akajinyoosha. "Hajapita mwenye mapana ya kunizidi."

Wakatikisa vichwa. Mlinzi amelinda, mliaji amelia. Kazi ya Mungu.

Asubuhi ya pili akapelekwa Siwema. Msichana mnene, mcheshi, hana moyo mdogo hata kidogo. Akaingia na ganda la umande. Mlango ukafungwa.

Siwema hakutoka.

Alitoka Kibeba, analia kupita jana.

"Jamani, Siwema! Amemkumbuka Tunu, akaanguka. Lala mgongoni, lala..."

"Mlinzi, nani kapita?"

"Hajapita mwenye mapana ya kunizidi."

Chama cha Mgongo kikapiga vigelegele, eti chungu imepanda juu zaidi, mtu wao anaongoza. Vigelegele! Msibani!

Bi Sikitu alikuwa amesimama karibu. Hakupiga kigelegele. Alikuwa ametazama, maana yake amenusa, jambo dogo: maganda mawili ya umande mlangoni, yote yamejaa. Mgeni hali, mgeni hanywi, na nguvu zinamzidi.

Akamsogelea.

"Bwana Kibeba," akasema, "nakushukuru kwa kunibebea mume. Sasa nipe nikamzike."

"Bado nalia, mama."

"Lia. Mimi nitazika, wewe endelea kulia. Hata yatima hulia huku anachota maji."

"Haraka ya nini? Ardhi ni baridi."

"Ni baridi kwa aliye hai. Nipe mume wangu."

Kibeba akageuka upande. Lakini Bi Sikitu alishaushika mguu wa Mbaruku, akavuta. Ukatoka.

Akaupima mkononi. Mwepesi. Mwepesi kama kapi la mpunga lililopepetwa. Akatia ncha ya kipapasio ndani. Hamna nyama, hamna maji, hamna kitu. Mfu aliyekauka huwa na vumbi lake ndani. Huyu alikuwa ganda tupu, na alipompapasa Mbaruku shingoni akakuta tundu moja dogo, la duara, safi kama la sindano.

Akaenda mbio langoni.

"Shaweji! Huyu mgeni wako ndiye anayewaua!"

Shaweji hata hakugeuka. "Nusa, nusa. Nimemnusa mwenyewe. Harufu ya kwetu."

"Harufu ni ya waliokufa, baba! Kawavaa!"

"Sheria haisemi kuvaa. Sheria inasema harufu."

"Na ukinikuta mimi nimevaa ngozi ya kinyonga?"

"Nitakuuma," akasema Shaweji. "Sheria ndiyo inavyosema."

Kichwa cha kizibo, wenzangu, hufaa kuziba. Msikipe kazi nyingine.

Jioni ikatoka zamu. Asubuhi ya tatu ataingia Zawena.

Bi Sikitu akasema hapana. Wazee wakamjia juu. "Una nini wewe? Mumeo ndiye kalazwa juu kabisa, mahali pa heshima, na wewe humruhusu binti yako kupeleka hata umande? Unataka watu waseme nini?" Na mwingine, mwanamke mwenzake, akaongeza, "Wivu tu. Anaona mgeni anamlilia Mbaruku vizuri kuliko yeye."

Zawena mwenyewe akasema, "Mama, niache niende, yaishe."

"Kinachoisha ni wewe," akasema Bi Sikitu. "Kaa hapa."

Akapanda juu ya gome, kwa Mapana.

"Mlinzi, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kupima?"

"Nimekuja kuuliza. Hayo macho yameona nini ndani ya chumba?"

"Yote."

"Yote yapi?"

"Nimemwona anamshika msichana kwa miguu ya mbele, anamchoma shingoni, anamfyonza. Anavuta pumzi, anamfyonza tena. Halafu anatoa uzi wa gundi, anamgandisha mgongoni. Halafu anajaribu kilio mara mbili tatu, taratibu, mpaka kimekaa vizuri. Ndipo anatoka."

Bi Sikitu akakaa kitako.

"Umeona hayo? Na wa kwanza na wa pili?"

"Na wa kwanza na wa pili. Nina macho mapana, mama. Sikosi kitu."

"Mbona hukusema?"

Mapana akashangaa kweli. "Niliulizwa nani kapita. Hajapita mtu. Na huyo Kibeba nimempima siku ya kwanza: macho yake yamekaa karibu karibu, kama ya inzi wa chooni. Si mshindani. Kwa nini nijishughulishe naye?"

"Basi njoo useme mbele ya mji. Binti yangu anaingia kesho."

"Niseme mimi? Halafu wataacha kubishana nani zaidi, watabishana juu ya vifo. Sasa hivi Chama cha Macho kinaongezeka. Unataka kuniharibia?"

Bi Sikitu akamtazama kwa pua yake. Kisha akashuka zake. Kuna watu ukiwatukana unawatukuza.

Sasa afanye nini? Wenye sheria wameziba. Mwenye macho ameona akanyamaza. Wenzake wanapiga vigelegele. Akawaza: msibani, mfiwa anaweza kunyamazishwa, jirani anaweza kunyamazishwa. Asiyenyamazishwa ni mmoja tu. Ni mtani.

Na watani wa sisimizi ni mchwa. Utani wao wa tangu na tangu: leo wanaumana, kesho wanazikana. Mtani akija msibani ana haki yake. Atatukana marehemu, atalala kaburini, atashika jeneza. Na aliyevaa nguo ya msiba, mtani ana ruhusa ya kumvua, na hakuna wa kumwambia koma. Anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Akatoka kwa tundu la nyuma, akatembea mpaka kwenye kichuguu, akagonga.

"Nani huyo ananuka hivi?" ikauliza sauti ya ndani.

"Mimi, mtani. Sikitu."

"Nilijua ni sisimizi, choo hakitembei." Akatoka mchwa mkongwe, mweupe kama ugali wa jana, kipofu tangu kuzaliwa. Jina lake Bi Ndonya. "Mumeo kafa?"

"Kafa."

"Afadhali. Alikuwa hana miguu ya kucheza ngoma. Mbona sikuitwa? Nimewaudhi nini?"

"Hajazikwa."

Bi Ndonya akaacha mzaha. "Hajazikwa? Tangu lini?"

Bi Sikitu akamweleza yote, mpaka maganda ya umande yaliyojaa, mpaka tundu la shingoni. Akamalizia, "Kesho anaingia Zawena. Nimebakiwa naye huyo tu."

Mchwa akatafuna tafuna hewa. "Kwa hiyo kuna mtu msibani kwenu amevaa nguo ya msiba na hajatoa haki ya mtani?"

"Ndiyo."

"Na analia kuliko wewe?"

"Kuliko mji mzima."

"Twende," akasema Bi Ndonya. "Nishike mkono. Na usinisogelee sana, nitatapika."

Asubuhi ya tatu mji ulikuwa umejaa mbele ya chumba. Huku Mgongo, huku Macho. Zawena, aliyetolewa nyumbani na wazee mama yake akiwa hayupo, amesimama na ganda la umande, vipapasio vimelala. Ndani Kibeba anajaribu kilio. Juu ya mlango Mapana amejinyoosha.

"Ingia, mtoto," wakasema wazee. "Usimcheleweshe mfiwa."

Zawena akainua mguu.

"Tobaaa!" ikapigwa kelele nyuma. "Msiba gani huu hauna mtani!"

Watu wakapishana. Harufu ya mchwa! Shaweji akafungua mdomo kusema "uma," lakini Bi Ndonya alishamfikia, akampiga kofi la utani kwenye kile kichwa. "Nyamaza, kizibo. Niume, halafu ukoo wangu ukufungie kaburi usizikwe miaka saba." Shaweji akafunga mdomo. Sheria ya utani ni kongwe kuliko ya lango, hata yeye alilijua hilo.

Bi Ndonya akamsukuma Zawena pembeni kama pazia, akasimama mlangoni.

"Wapi huyo analia vizuri? Toka nje tukuone! Wengine tutasema tukuone tu, macho hatuna."

Kibeba akatoka, na chungu yake yote. Ilikuwa ya fahari.

"Pole, mfiwa," akasema Bi Ndonya.

"Asante, mama, nimepo..."

"Marehemu ni nani wako?"

Kibeba akasita. "Ni... ni wote wangu."

"Wote wako! Umewazaa? Umewaoa? Unawatania?"

"Nawabeba."

"Hata punda anabeba. Haki yangu iko wapi?"

"Haki gani?"

Hapo mji ukaguna. Hata wale wa Chama cha Mgongo waliguna. Mtu anayejua kulia hivi, hajui mtani?

"Hajui," akasema Bi Ndonya kwa upole wa kutisha. "Basi nitajichukulia." Naye akashika mfu wa juu, akavuta, akaanza kuimba:

*Shuka mgongoni, shuka,*
*ardhi ni yenu, shuka.*
*Kitanda hiki kina meno,*
*blanketi lina sindano.*

Mfu wa kwanza akaanguka. Bi Sikitu akampokea. Mbaruku.

"Ah! Jamani!" akalia Kibeba. "Mnavunja heshima ya wafu!"

"Amekasirika!" Bi Ndonya akapiga makofi. "Mfiwa kamkasirikia mtani! Mmesikia?"

Wakasikia. Sasa kila mmoja akatega sikio. Bi Ndonya akavuta wa pili, wa tatu, wa kumi. Akavuta na watu wakaanza kumsaidia kuitikia wimbo, maana sisimizi wimbo ukianza hawawezi kujizuia, hata kama hawajui unawapeleka wapi. *Shuka mgongoni, shuka.* Kila anayeanguka ni mwepesi, anapeperuka. Watu wakawaokota ndugu zao, wakaingiza vipapasio, wakakuta tundu la shingoni. Wimbo ukaanza kufifia.

Akaanguka Tunu. Akaanguka Siwema.

Akabaki Kibeba. Kidudu kidogo, chembamba, kimepauka, mdomo mrefu kama sindano ya mshona magunia umekunjwa chini ya kidevu. Ajabu ya msitu! Ukikitoa mzigo wa watu, hakijai hata kwenye kucha.

Na upepo ukapita mlangoni.

"Nusa, nusa," akasema Shaweji kwa mazoea. Akanusa tena. "Harufu ya ugeni."

Akabaki mdomo wazi, kama mtu anayetafuta neno alilolisema maisha yote.

"Uma!" akapiga kelele Bi Sikitu. "Uma, mzee, mbona unazubaa!"

"UMA!"

Mji ukatoka na meno. Kibeba hakulia tena, alisahau hata wimbo wake. Alikimbia kwa miguu sita, akafika langoni na mitatu. Akaruka kwenye majani, akaporomoka bondeni, na wala hakuna aliyemsindikiza kwa kilio.

Juu ya mlango Mapana akajikohoza.

"Mimi nilijua," akasema. "Niliona toka siku ya kwanza."

Zikatulia pua zote. Bi Ndonya akauliza, "Huyo anayesema ni nani?"

"Ni mlinzi," akasema Bi Sikitu. "Ana macho mapana sana."

"Yanafaa nini?"

"Kupimia."

Wakamcheka. Chama cha Macho kikacheka kwa sauti kuliko chama kile kingine, maana ndicho kilichokuwa na aibu ya kufunika. Mapana akakunja uso, akaruka akarudi kijitoni, na nasikia hata leo yuko kwenye mizizi ya ukingoni, uso kwa uso na wenzake, wanapima. Wakimaliza kupima wanapima tena. Kibeba naye hata leo yuko chini ya magome, anavaa wafu wa wengine. Kati ya hao wawili nani zaidi? Msiniulize. Mmoja alikula na mwingine alitazama akila. Ukiniletea mizani nitakuambia vinalingana, halafu nitaosha mizani.

Siku ile ile wakazika. Tangu hapo sisimizi hawaachi mfu alale, hata awe wa nani, na hawampi mgeni ambebe. Bi Ndonya akajilaza kaburini kama mtani anavyopaswa, akakataa kutoka mpaka apewe haki yake. Akapewa maganda yote matatu ya umande. Akasema umekwisha nguvu, akanywa wote.

Na mji? Mnadhani walimshukuru Bi Sikitu? Kesho yake tu walikuwa barazani. "Lakini alilia vizuri, sema ukweli." "Vizuri sana. Msiba wa sasa utakuwa mkavu." Ndivyo watu walivyo. Ukimfukuza mwizi, watakumbuka jinsi alivyokuwa akisalimia.

Bi Sikitu hakwenda barazani. Siku ile ya maziko alimbeba Mbaruku kwa mkono mmoja, alikuwa mwepesi hivyo, akamweka shimoni, akafukia. Zawena alikuwa kando yake, analia.

"Mama, mbona wewe hulii?"

"Yangu niliyamwaga yote begani pa aliyemuua," akasema. "Shika upande huo, tusawazishe udongo."

Wakasawazisha.

Ngano hii inatufunza nini, nyie mlioegemea ukuta? Ukifika msibani, usimtafute anayelia sana. Mtafute aliyeshika jembe. Na aliyeona uovu akakaa anapima macho yake, huyo usimwite shahidi, mwite jirani wa muuaji. Na nyie mnaobishana mgeni gani ni ajabu kuliko mwingine, acheni kwanza mkawaite watoto wenu majina, mwone kama wanaitika.

Ngano nimeitua hapa chini, siibebi tena. Ikikuwasha, jikune. Isipokuwasha, inuka ukaoshe vyombo.